Maji, Maporomoko na Buni katika Miteremko ya Kilimanjaro: Maelezo ya Mandhari na Msamiati Wake

1. Shabaha ya makala

Mwanafunzi wa Kiswahili hukutana na jina la Kilimanjaro mapema katika masomo yake, lakini mara nyingi hulijua kwa kilele chake tu. Makala haya yanakusudia kushuka kutoka kilele hicho, chenye urefu wa mita 5,895, na kuitazama miteremko ya kusini, ambako Wachagga wameishi na kulima kwa karne nyingi. Huko msafiri huonyeshwa vitu vitatu: mabwawa ya asili ya kuogelea, maporomoko ya maji, na mashamba ya kahawa. Tutajaribu kuonyesha kwamba vitu hivyo vitatu ni safari moja ya maji, na kwamba ayajuaye maneno ya wenyeji huielewa safari hiyo kuliko mwenye kutazama tu.

2. Asili ya maji

Wengi hudhani kuwa mito ya Kilimanjaro hulishwa na barafu ya kileleni. Dhana hiyo haina nguvu. Kati ya mwaka 1912 na 2011 eneo la barafu lilipungua kwa asilimia 85 hivi. Na hata kabla ya hapo mchango wake katika mito ulikuwa mdogo. Maji mengi hutokana na mvua inyeshayo katika ukanda wa msitu, kati ya mashamba na nyika ya juu. Basi uhai wa mito unategemea msitu kuliko theluji.

Mlima huu ni wa volkeno, na miamba yake ina vinyweleo vingi. Sehemu ya mvua huzama ardhini, husafiri chini kwa chini, kisha huibuka upya tambarare. Mfano mashuhuri ni bwawa la Chemka katika Wilaya ya Hai, ng'ambo ya Boma Ng'ombe, ambako maji maangavu ya rangi ya samawati hujikusanya katikati ya mizizi ya miti mikubwa, huku pande zote kukiwa kukavu. Jina lake lastahili kuangaliwa. Mgeni aambiwaye kwamba maji yanachemka, au asikiaye jina la pili, yaani Maji Moto, hutazamia kuungua; kumbe maji ni ya uvuguvugu tu. Kinachochemka hapo ni mwendo wa maji yatokayo chini kwa kububujika, wala si joto. Sikio la Mswahili husikia pia ukaribu wa neno hilo na *chemchemi*.

3. Maporomoko

Sehemu nyingine ya mvua hubaki juu ya ardhi na kushuka kwa mito iliyochimba mabonde yenye kingo kali. Palipo na mwamba mgumu, mto huanguka. Ndiyo asili ya maporomoko ya Materuni katika eneo la Uru, na ya Kinukamori na Ndoro huko Marangu. Chini yake huwa pana kidimbwi cha kuogelea, chenye maji baridi sana, tofauti kabisa na yale ya Chemka.

Kuhusu Kinukamori, wenyeji husimulia habari za binti aitwaye Makinuka, aliyepata mimba kabla ya ndoa akaenda kujitupa majini. Alipoghairi na kugeuka nyuma, alikutana na chui. Kwa hofu akaanguka bondeni. Hadithi hiyo yatukumbusha kwamba, kabla ya kuwa mahali pa burudani, maporomoko yalikuwa mahali pa kuogopwa na pa kutolea mafundisho.

4. Mfongo na kihamba

Kati ya msitu na tambarare wanadamu wameingilia safari ya maji. Wachagga walichimba mifereji, iitwayo *mifongo*, kutoka juu mtoni na kuipitisha ubavuni mwa vilima hadi mashambani. Mifongo ilihesabika kwa mamia. Haki ya maji ilifuata kazi: ukoo uliochimba ulikuwa na usimamizi, watumiaji walipewa zamu, na asiyefika kuzibua mfereji alipoteza zamu yake.

Maji hayo hufika katika *kihamba*, yaani shamba la ukoo lizungukalo nyumba. Kihamba kina tabaka: juu miti ya kivuli, chini yake migomba, kisha mibuni, na chini kabisa maharage na viazi. Mwaka 2011 shirika la FAO liliutambua mfumo wa vihamba wa Shimbwe Juu kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wa dunia. Kwa upande wa sarufi, maneno *mfongo/mifongo* na *kihamba/vihamba* yaliingia katika Kiswahili cha huko kwa urahisi, kwa kuwa ngeli zake zalingana na za Kiswahili.

5. Kahawa

Mibuni aina ya arabika ililetwa na wamisionari Wakatoliki mwishoni mwa karne ya 19. Wakulima Wachagga waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikafuatwa na Chama Kikuu cha Ushirika, KNCU. Msamiati wake ni wa Kiarabu: *buni* ni tunda na mbegu, *kahawa* ni kinywaji, na kwa mapana zao lenyewe. Neno la Kifaransa *café* latokana na asili hiyohiyo.

Buni mbivu huchumwa kwa mkono, humenywa, huachwa zichachuke, huoshwa, kisha huanikwa juani. Kazi hiyo hudai maji mengi, na maji machafu ya kumenyea yakirudishwa mtoni humfikia jirani wa chini.

Baada ya mgawo wa kimataifa wa kahawa kuvunjika mwaka 1989, bei ziliporomoka. Wengi waling'oa mibuni. Vijana wakahamia mijini. Mfongo usiozibuliwa hufa, na pamoja nao hufa hesabu ya zamu. Fedha za watalii waendao Materuni kuoga na kutwanga kahawa kinuni husaidia, lakini utalii huo wategemea maji yaleyale.

6. Hitimisho

Bwawa, poromoko na kikombe cha kahawa hulindwa pamoja au hupotea pamoja. Jambo hili latuhusu sisi Wakongo pia. Arabika hulimwa kandokando ya Ziwa Kivu na katika milima ya Wanande, na maporomoko ya Lofoi, huko Katanga, yazidi mita 300. Je, Kihavu na Kinande vina maneno gani kwa mfereji, zamu, na ganda la buni? Wazee wayajuao wangalipo. Tunawasihi wanafunzi wetu wayaandike wakati wa likizo, pamoja na kanuni zilizomo ndani yake, kwa sababu neno la zamu likisahauliwa, ugomvi wa maji huanza.