Kitana Kimoja, Vichwa Vingi

Leo tuzungumzie vitana na brashi za nywele.

Mtoto mwenye mapunye huacha kuvu, yaani viini vya ugonjwa huo, kwenye kitana. Ukichania mwingine, naye huenda akaambukizwa. Hivyo mapunye huzunguka nyumba nzima. Mtengee mgonjwa kitana chake, kisha safisha vyote hivi:

Kwanza, ondoa nywele zilizonasa. Pili, sugua kwa sabuni na mswaki mkuukuu, kisha suuza, maana uchafu huidhoofisha dawa. Tatu, ukiwa nje, changanya kikombe 1 cha dawa ya klorini ya kufulia, ile ya asilimia 3.5, na vikombe 6 vya maji baridi. Loweka dakika 10, suuza, anika juani vikauke kabisa. Usiichanganye na dawa nyingine ya kusafishia. Hewa yake ni sumu. Weka mbali na watoto.

Lakini kitana safi hakimponyi aliyekwisha ugua, na mafuta ya kupaka pekee hayatoshi. Mpeleke kliniki apewe dawa ya kumeza. Aimalize, hata nywele zikianza kuota.