Poliesta Inayopakwa kwa Ulimi

Nyuki wengi duniani hawana mzinga, malkia wala nta. Jike huchimba shimo lake peke yake, huweka chakula, hutaga, hufukia na kwenda zake. Mtoto abaki humo miezi kadhaa, udongo ulowe na ukauke, naye atoke mzima.

Kati yao, wa jenasi ya Colletes ndio wanaonivutia kuliko wote, kwa sababu kazi yao ni ngumu zaidi. Nyuki wengi wa ardhini humwekea mtoto donge la chavua. Colletes humwekea uji mwepesi wa chavua na nekta. Uji huo ukigusa mchanga mtupu utanywewa. Maji ya mvua yakipenya, utachacha na kuota ukungu. Chumba lazima kizuie majimaji yasitoke wala yasiingie.

Ulimi wa nyuki huyu ni mfupi, mpana, umegawanyika nchani. Ndio brashi yake. Hukunja tumbo, akalamba ute unaotoka kwenye tezi ya Dufour iliyo karibu na mwiba, kisha akaupaka ukutani pamoja na mate, tabaka juu ya tabaka. Ukikauka unakuwa utando mwembamba unaopitisha mwanga, unaong'aa kama karatasi ya nailoni. Yai halitagi ndani ya uji. Hulibandika ukutani, juu yake.

Mwaka 1979 Hefetz, Fales na Batra walieleza katika jarida la Science kwamba utando huo ni poliesta halisi. Ndani ya tezi mna laktoni, molekuli zenye umbo la pete. Pete ikifunguka, upande mmoja huwa asidi na wa pili alkoholi. Asidi ya molekuli moja hushikana na alkoholi ya nyingine, na mnyororo ukarefuka. Kiungo hicho, esta, ndicho kilichomo katika nguo za poliesta, ambazo uzi wake ulivumbuliwa Uingereza mwaka 1941 na Whinfield na Dickson. Kiwanda huuunda kwa joto la zaidi ya nyuzi 200. Nyuki huunda wake shimoni, kwa joto la udongo tu!

Uimara wake unaonekana vizuri kwa Colletes halophilus wa pwani za kaskazini-magharibi mwa Ulaya. Huchimba pembezoni mwa vinamasi vya chumvi, mahali ambapo bahari hufika wakati wa bamvua, na mabuu yake huokoka mafuriko hayo.

Humble Bee Bio, kampuni ya New Zealand, iliugeukia utando wa Hylaeus, jamaa wa Colletes, kutafuta plastiki isiyotokana na petroli. Jenasi hizo mbili zipo pia Afrika kusini mwa Sahara. Ningefurahi kuona maabara zetu zikianza na hao wa kwetu, maana viota vya Colletes vimo kwenye udongo tunaoukanyaga.