Mpangilio mzuri huanza kabla ya kubonyeza kamera

WAPIGAPICHA chipukizi wengi hudhani kuwa picha nzuri hutokana na kamera ghali. Hata hivyo, picha nyingi huharibika kwa sababu mpigaji hakuamua mapema ni kipi kiingie ndani ya fremu na ni kipi kiachwe nje.

Katika soko la Suneka, kando ya barabara ya kutoka Kisii kwenda Migori, anayempiga picha muuza ndizi akiwa mbali hunasa vibanda, pikipiki na nyaya za umeme, naye mhusika akabaki kidoa. Dawa ni kusogea karibu, kisha kuhama hatua mbili ili mlingoti ulio nyuma usionekane ukichomoza kichwani mwake.

Pili, fremu igawanywe kwa mistari miwili ya wima na miwili ya mlalo, ambayo simu nyingi huweza kuionyesha. Macho ya mhusika yakikaa penye makutano ya mistari hiyo, na nafasi ikaachwa upande anaotazama, picha hutulia.

Tatu ni mwanga. Suneka iko karibu na Ikweta, hivyo jua la adhuhuri huwa utosini na kutia kivuli machoni. Afadhali saa moja au saa mbili asubuhi. Mbingu angavu nyuma ya mtu nayo hufanya uso utoke giza, usitambulike. Migomba hufaa zaidi.

Haya si mapambo tu. Picha ya babu inayopigwa leo huenda ikawa ndiyo pekee watakayoachiwa wajukuu, na akishaondoka haiwezi kurudiwa.