Mbwa akikohoa kama aliyekwamwa na mfupa, usitie mkono kinywani

JE, mbwa wako amekuwa akikohoa kwa siku mbili tatu hivi, akinyoosha shingo na kukwaruza koo kana kwamba kuna kitu kilichomkwama? Bila shaka wazo la kwanza litakalokujia ni kwamba amemeza mfupa, hasa ikiwa majuzi mlichinja kuku. Katika nyumba nyingi mtoto huitwa ashike tochi, mtu mmoja akampanua mbwa taya na mwingine akaingiza vidole kuutafuta mfupa huo.

Mimi ni daktari wa watu, si wa mifugo. Ninaandika kuhusu mbwa kwa sababu mkono ulioingia kinywani mwake ndio unaoletwa kliniki baadaye, tena mara nyingi ukiwa umechelewa. Aghalabu kikohozi cha mbwa huwa ni jambo dogo linaloisha kwa wiki moja au mbili. Hata hivyo, kuna mara chache ambapo kile kinachoonekana kama mfupa kooni huwa ni kichaa cha mbwa. Yafaa basi ujue jinsi ya kutofautisha.

Je, ni kikohozi kweli?

Jambo la kwanza ni kumtazama mbwa ukiwa mbali kidogo, bila kumshika. Mbwa anayekohoa husimama, hunyoosha shingo na kutoa sauti kavu inayotoka kifuani. Mwishowe hufanya kama anayetaka kutapika na kutema povu jeupe kidogo. Povu hilo ndilo linalowafanya wenye mbwa wengi wadhani kwamba amekwamwa au amekula sumu.

Anayetapika ni tofauti. Tumbo lake hujikunja kwa nguvu mara kadhaa kabla ya chakula kutoka. Wapo pia mbwa, hasa wadogo, ambao huvuta hewa kwa kishindo kupitia puani, wakisimama wima na macho yamewatoka. Hali hiyo huchukua sekunde chache tu kisha mbwa akaendelea na shughuli zake. Hiyo si hatari.

Mbwa aliyekwamwa na mfupa kwa kweli huanza ghafla, akiwa anakula au punde tu baada ya kula. Huhangaika, hujikuna mdomo kwa miguu ya mbele, na fizi zake zaweza kugeuka rangi na kuwa za samawati. Ikiwa alianza kukwaruza koo alfajiri bila kula chochote, na leo ni siku ya pili, mfupa si jibu la kwanza la kufikiria.

Maswali ya kujiuliza

Kabla ya kumpigia simu daktari wa mifugo, jiulize maswali haya. Mbwa ana umri gani? Alichanjwa lini, na je, unayo kadi ya chanjo? Wiki za karibuni amekutana na mbwa wengine, au alilala mahali wanakotunzwa mbwa wengi? Anakula na kunywa kama kawaida? Kikohozi huja usiku, au anapokimbia, au anapovutwa kamba? Je, tabia yake au sauti yake ya kubweka imebadilika? Na je, katika miezi michache iliyopita alipigana na mbwa asiyejulikana, au alirudi nyumbani akiwa na jeraha?

Majibu ya maswali haya humwelekeza daktari kabla hata hajamgusa mnyama.

Sababu za kawaida

Kikohozi kinachopatikana sana ni kile cha kuambukizana, ambacho huenea pale mbwa wengi wanapokaa pamoja. Huletwa na virusi na bakteria kadhaa. Mbwa hukohoa kwa sauti kubwa, lakini anakula, anacheza na kutikisa mkia. Wengi hupona kwa kupumzika, ingawa watoto wa mbwa na mbwa wazee wanaweza kupata nimonia. Ukimwona amelegea, ana homa au anahema kwa shida, usingoje.

Mbwa mchanga asiyechanjwa anayekohoa huku akitoka makamasi mazito, macho yamejaa tongo na anaharisha, huenda ana ugonjwa wa distempa. Kirusi chake ni cha jamii moja na kile cha surua ya watoto wetu, ingawa hakiwapati watu. Baadaye huingia kwenye ubongo na kumfanya mbwa atetemeke misuli na kupatwa na kifafa. Ugonjwa huu huua wengi, na kinga yake ni chanjo.

Kuna minyoo pia. Katika watoto wa mbwa, minyoo michanga hupita kwenye mapafu kabla ya kufika tumboni, na safari hiyo huwaletea kikohozi. Sisi madaktari wa watu hatuipuuzi minyoo hii, kwani mayai yake hukaa kwenye mchanga ambako watoto huchezea, na ikiingia mwilini mwa mtoto yaweza kumdhuru jicho. Aina nyingine, ambayo inajulikana sana hapa Kenya, mbwa huipata kwa kula wadudu wanaobingirisha kinyesi. Hutengeneza vinundu kwenye umio, na mbwa akawa anacheua chakula, akitokwa mate na kukonda.

Mbwa mzee anayekohoa usiku, anayechoka upesi na ambaye tumbo linavimba, yafaa apimwe moyo. Mbwa mdogo mnene anayetoa sauti kama ya bata bukini anapovutwa kamba huenda bomba lake la pumzi limelegea. Huyo asifungwe ukanda shingoni. Avalishwe ule wa kifuani. Moshi wa jiko na wa sigara nao humkohoza mbwa kama unavyomkohoza mwenye nyumba.

Mfupa usiokuwapo

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Watu wengi wanajua kichaa cha mbwa cha aina moja tu, yule mbwa mkali anayekimbia mtaani akiuma kila kitu. Ipo aina ya pili iliyo kimya. Mbwa huyu huwa mpole kupita kiasi, hujificha gizani, kisha misuli ya koo na taya yake hupooza. Taya la chini huning'inia. Hawezi kumeza, kwa hiyo mate humtiririka. Hutoa sauti za kukwaruza na kukabwa, na kubweka kwake hubadilika na kuwa kama kwa mbwa aliyepoteza sauti.

Mwenye mbwa humhurumia. Anamwona mnyama aliyemlea tangu utotoni akiteseka, naye anaingiza mkono ndani ya mate yaliyojaa virusi, akikwaruzwa na meno. Mbwa hakumuuma mtu. Kwa sababu hiyo hakuna anayefikiria kwenda hospitali.

Virusi hivyo vikiingia kwenye jeraha husafiri polepole kupitia mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Safari hiyo huchukua wiki kadhaa au miezi michache, na muda huo wote mtu hajisikii mgonjwa. Huo ndio wakati pekee wa kumwokoa. Dalili zikishaanza, yaani homa, ganzi mahali palipoumwa, kuogopa maji na kuchanganyikiwa, hatuna dawa ya kumponya. Karibu wote hufa.

Ugonjwa huu si mgeni kwetu. Ulithibitishwa kwa mara ya kwanza nchini mwaka 1912, katika mbwa wa viungani mwa Nairobi. Mwaka 2014 serikali ilizindua mkakati wa kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa kufikia 2030, wakati ambapo makadirio yalikuwa kwamba unaua watu wapatao 2,000 kila mwaka hapa Kenya. Ulimwenguni kote, takribani 4 kati ya kila watu 10 wanaoumwa na mbwa wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15.

Kwa hiyo, kanuni ni hii: mbwa asiye na chanjo ya kichaa, anayetokwa mate, asiyeweza kumeza na ambaye tabia au sauti yake imebadilika, asiguswe na mtu. Mfungie chumbani au kwenye uga kwa kufunga mlango au lango, si kwa kumkamata. Waondoe watoto, kisha umwite daktari wa mifugo au ofisi ya mifugo ya kaunti yako. Ikiwa kuna mfupa kweli, daktari atautoa akiwa na glovu na dawa ya kumlaza mbwa. Akifa kabla ya kuonekana, usimzike upesi; toa habari kwanza, kwani ubongo wake ndio unaopimwa maabara.

Ikiwa umekwisha kuguswa na mate

Mate yakiangukia ngozi nzima isiyo na mchubuko, nawa tu, hakuna hatari. Lakini mate yakiingia kwenye mchubuko, jichoni au mdomoni, au meno yakikukwaruza hata bila damu kutoka, fanya hivi:

* Osha mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Tazama saa, kwani dakika hizo ni ndefu kuliko unavyodhani. Jicho au mdomo uoshe kwa maji tupu mengi.

* Usipake mafuta taa, majivu, pilipili wala dawa za miti, na usifunge jeraha kwa nguvu.

* Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Utaanzishiwa chanjo, ambayo hutolewa kwa sindano kadhaa katika siku maalumu. Jeraha likiwa la kuingia ndani, utahitaji pia sindano ya kingamwili kuzunguka jeraha. Kituo kikikosa chanjo, uliza papo hapo inapatikana wapi, wala usirudi nyumbani kungoja.

* Usikatize sindano kwa sababu kidonda kimepona. Daktari anaweza kuzisimamisha ikiwa mbwa mwenyewe angali hai na mzima baada ya siku 10 za kuchunguzwa.

Dawa za nyumbani

Kosa jingine ni kumpa mbwa dawa ya kikohozi ya watoto. Baadhi ya dawa za maji zisizo na sukari hutiwa utamu uitwao xylitol, ambao humshusha mbwa sukari ya damu na kumharibu ini. Ibuprofen humchoma tumbo na kumuua figo, na paracetamol yaweza kumdhuru ini. Vidonge vya antibiotiki vilivyobaki kabatini pia viache vilivyo.

Na familia je? Ni nadra mtu kuambukizwa kikohozi cha mbwa, ingawa yule ambaye kinga yake ya mwili imedhoofika yafaa asimkaribie sana mbwa anayekohoa. Kwa upande wa kifua kikuu, mbwa ndiye aliye katika hatari ya kuambukizwa na binadamu, zaidi ya binadamu kuambukizwa na mbwa. Kama kuna mtu nyumbani aliyekohoa kwa zaidi ya wiki mbili, aende akapimwe makohozi. Dawa za ugonjwa huo hutolewa bure katika hospitali za umma.

Kinga

Mbwa hupewa chanjo ya kichaa akiwa na umri wa miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka. Hata mbwa wa kulinda lango asiyeingia ndani ya nyumba anaihitaji, na paka pia. Wataalamu wanasema asilimia 70 ya mbwa wa mahali wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kaunti zinapotangaza chanjo ya bure, hasa karibu na tarehe 28 Septemba, ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, mpeleke wako, na umhimize jirani naye ampeleke wake.

Tafuta kadi ya chanjo ya mbwa wako leo jioni. Ikiwa huioni, au mwaka umepita tangu sindano ya mwisho, mhesabu kuwa mbwa asiyechanjwa, na umtafute daktari wa mifugo kabla hajaanza kukohoa.