Usingizi ukikukimbia, usinyamaze

Mwanaume anarudi Mavivi kutoka kwenye shimo la dhahabu. Pesa kidogo ameleta, lakini usiku halali. Mlango ukigongwa, anaruka. Bibi yake anamuuliza: «Papa, iko nini?» Anajibu: «Hakuna kitu», kisha anatafuta lotoko. Familia inaanza kusema amerogwa.

Hapa kwetu sababu za kukosa usingizi ni nyingi. Tangu Oktoba 2014, eneo la Beni linazika watu waliouawa. Ebola iliyotangazwa Agosti 2018 iliisha Juni 2020, imeua watu 2 287. Mwaka 2010 watafiti walihoji watu wazima 998 wa Kivu zote mbili na Ituri: karibu nusu walikuwa na alama za jeraha la akili, kama ndoto mbaya na kushtuka ovyo.

Je, inatibika? Chuo kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani pamoja na shirika la IRC walipima jambo hilo huku huku mashariki, kwa wanawake 405 waliobakwa au walioona wenzao wakibakwa. Katika vijiji fulani, kila mwanamke alisaidiwa peke yake. Katika vingine, walikaa vikundi vya watu sita hadi wanane na mama wa Congo aliyefundishwa kazi hiyo, hakuwa dokta. Walijifunza kupima mawazo yanayowala, kama «ni kosa langu». Kisha miezi sita ikapita. Waliobaki na alama za ugonjwa kwenye vikundi walikuwa 9 kwa 100. Kwa wale wengine, 42. Matokeo yalitoka mwaka 2013.

Wachimbaji wanaume hawakupimwa pale. Lakini tumejua kwamba jeraha la akili linapona, na kuongea na mtu aliyefundishwa ni dawa.

Mtu akisikia sauti ambazo wengine hawasikii, au akisema anataka kufa, msingoje. Msimfunge kamba, msimuache peke yake. Mpelekeni kituo cha afya; munganga anaweza kumtuma Butembo, CEPIMA, wanakotunza wagonjwa wa akili. Maombi yaendelee, lakini dawa isikatwe bila munganga kusema.

Shimo likianza kubomoka, wachimbaji wanaitana watoke. Mwenzako akianza kubomoka kichwani, mwite vilevile.