Wanunuzi wa majengo, tazameni bomba la majitaka kwanza



Naomba niseme machache na wananchi wenzangu wanaonunua majengo ya biashara, yaani maduka, gesti, hoteli za chakula, maghala na ofisi, hasa katika sehemu za zamani za Dar es Salaam kama vile Kariakoo, Upanga na Kisutu.

Mnunuzi wa siku hizi ni mwangalifu sana kwa upande wa karatasi. Anakwenda Ardhi kupekua hati, anauliza kama kodi ya pango la ardhi imelipwa, anamwita mthamini. Akifika kwenye jengo lenyewe anatazama paa, anagonga kuta, anafungua mabomba ya maji safi. Chooni anamwaga maji, na yakishuka vizuri anaridhika, anakwenda kulipa. Mimi nimefanya kazi ya ufundi bomba miaka mingi, na napenda kumwambia mnunuzi huyo kwamba maji kushuka si ushahidi wa kitu. Bomba lililopasuka hushusha maji vizuri kabisa, kwa sababu yanapotelea mchangani!

Jamaa mmoja alinunua jengo la ghorofa moja, chini akafungua hoteli ya chakula. Mwezi wa tatu sakafu ya jikoni ikaanza kubonyea. Walipoivunja wakakuta bomba la udongo wa kuchoma limeachana kwenye maungio, na chini yake pana shimo ambalo mtu mzima angeweza kuchuchumaa ndani. Hoteli ilifungwa kwa wiki kadhaa, wapishi na wahudumu wakarudi makwao bila mshahara. Muuzaji alipofuatwa alisema aliuza jengo kama lilivyo, na mkataba ulimuunga mkono.

Mambo kama haya si ajabu katika mji wetu. Sehemu ya mabomba ya majitaka ya katikati ya jiji ililazwa kabla ya Uhuru wa mwaka 1961, wakati nyumba nyingi za Kariakoo zilikuwa za chini, zenye familia chache. Leo pale palipokuwa na nyumba ya vyumba sita pamesimama ghorofa lenye maduka, stoo na vyoo kila sakafu. Mabomba ya udongo ya zamani ni mafupi, kwa hiyo yana maungio mengi, na kila ungio ni mlango wa mizizi ya miti. Tena ardhi ya pwani ni mchanga, na sehemu nyingi maji ya chini yako karibu. Ungio likiachia, maji hayo yanaingia bombani pamoja na mchanga, mchanga unasafiri na majitaka, na chini ya sakafu panabaki patupu. Mabomba ya saruji nayo yana ugonjwa wake. Hewa yenye harufu ya yai bovu inayotoka katika majitaka hugeuzwa na vijidudu kuwa asidi, nayo hula bomba upande wa juu. Ukichungulia kwenye chemba unaona maji yanapita, kumbe dari ya bomba imekwisha.

Dawa yake ipo, na si uzushi wa jana. Marekani na Ulaya kamera za kuingizwa ndani ya mabomba zimekuwa zikitumika tangu miaka ya 1960. Kwa bomba dogo la jengo, kamera hufungwa kwenye waya mgumu pamoja na taa, ikasukumwa kutoka chemba moja hadi nyingine, na picha ikaonekana kwenye kioo. Mita huhesabu umbali, ili ubovu ukionekana ijulikane uko hatua ngapi kutoka kwenye chemba. Baadhi ya kamera zina kitoa mawimbi, na fundi aliye juu ya ardhi hutembea na kipokezi mkononi mpaka aweke alama mahali penyewe pa kuchimba. Hakuna haja ya kuvunja sakafu nzima kwa kubahatisha.

Lakini kamera nayo inataka mtu mwenye akili nyuma yake. Haioni ndani ya maji. Maji yakiwa yametuama mahali pamoja, fundi asiseme tu kwamba hapo haonekani kitu, maana kutuama kwenyewe ndiyo habari: bomba limetitia, mteremko umepotea, na hapo ndipo mafuta ya jikoni yatakapoganda. Bomba la inchi nne hupenda kushuka kiasi cha sentimeta mbili na nusu kwa kila mita moja. Tena muuzaji mjanja anaweza kuita gari la kuzibua usiku wa kuamkia ukaguzi, mafuta na takataka zikaondoka, bomba likang'aa. Kwa hiyo nashauri kamera ipite mara mbili, kwanza bomba likiwa katika hali yake ya kila siku, halafu baada ya kusafishwa, kwa sababu nyufa hazionekani chini ya uchafu. Picha zote zirekodiwe, na mnunuzi apewe nakala yake mwenyewe.

Jambo moja sitaki lipite hivi hivi. Asiteremshwe kijana yeyote ndani ya chemba "kuchungulia" ili kuokoa gharama ya kamera. Hewa ya mle ndani inaua, tena inaua haraka, na mara nyingi anayeingia kumwokoa wa kwanza hufa naye.

Wengine watasema ramani zipo, kamera ya nini? Ramani inaonyesha bomba lilivyokusudiwa. Tena huduma hii imepita mikono mingi: DAWASA iliundwa mwaka 1997, City Water ikaingia mwaka 2003 na kuondoka mwaka 2005, ikaja DAWASCO, kisha mwaka 2018 kazi zikarudi DAWASA. Sidhani kama kuna anayeweza kuapa kwamba kila karatasi ilihama pamoja na meza yake. Hata majengo yaliyotaifishwa mwaka 1971 na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba yamekuwa na wapangaji wengi, na si kila choo kilichoongezwa humo kilichorwa mahali.

Kuna pia suala la nani alipe. Kwa kawaida bomba kutoka jengoni hadi linapoungana na bomba kuu ni mzigo wa mwenye jengo. Kamera ikionyesha ubovu uko upande gani, mabishano yanapungua. Na anayenunua sehemu tu ya jengo, kama sheria ya mwaka 2008 inavyoruhusu, asidhani bomba halimhusu kwa kuwa yeye yuko ghorofa ya tano. Linalopita chini ni la wote, na gharama ni ya wote.

Wakazi wengi wa jiji hawajaunganishwa na bomba kuu, wanatumia mashimo. Mnunuzi wa jengo la namna hiyo aulize shimo liko wapi, ni la ukubwa gani, gari la kunyonya linafika vipi, na kamera ipite kutoka chooni hadi shimoni. Nimewahi kukuta shimo lililojengewa stoo juu yake.

Naziomba mamlaka za maji mijini zitangaze bei ya kukagua bomba kwa kamera kwa mtu anayetaka kununua jengo, na siku ngapi atasubiri. Mawakili nao waweke katika mikataba ya mauziano kifungu kwamba malipo ya mwisho yatafanyika baada ya mnunuzi kupokea picha za bomba, na kwamba ubovu utakaoonekana utatengenezwa na muuzaji au upunguzwe kwenye bei. Mabenki yanayokopesha kwa dhamana ya majengo hayo yaombe nakala.

Fundi Bomba wa Zamani,
Ilala, Dar es Salaam.