Je, Mbwa Aweza Kula Kaa na Chaza?

Wakaao karibu na bahari, tangu Vanga mpaka Lamu, huwaona mbwa wakizunguka madau yafikapo ufuoni, wakingojea cho chote kitakachotupwa. Mara nyingi hutupwa vichwa vya kamba, magamba ya kaa na chaza. Mwenye mbwa alindaye nyumba au shamba ana haki ya kuuliza kama vitu hivyo vyaweza kumdhuru.

Nyama yenyewe haiwadhuru mbwa wengi, iwapo imetolewa gambani na kupikwa vizuri kwa maji matupu. Kamba mmoja au wawili watosha, tena mara moja moja tu. Mchuzi wenye vitunguu asipewe kabisa, kwa kuwa kitunguu maji na kitunguu saumu pia huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Jambo hili husahauliwa sana majumbani, kwani kumtupia mbwa makombo ya sahani huonekana kuwa ni ukarimu.

Magamba hayafai hata yakipikwa. Huweza kumkaba mbwa kooni, kumchoma ndani, au kuziba utumbo. Mbwa atapikaye tena na tena, akakataa chakula na asiweze kwenda choo, apelekwe kwa daktari wa wanyama siku ile ile. Nyama mbichi nayo huweza kuwa na vijidudu vya maradhi, ambavyo moto huviua.

Lakini iko sumu isiyoondolewa na moto. Chaza na kome hula kwa kuchuja maji ya bahari, na maji hayo yakijaa viumbe vidogo sana vyenye sumu, sumu hukusanyika katika nyama yao. Mwisho wa mwaka 2017, huko Norfolk, Uingereza, dhoruba ilitupa ufuoni samaki na viti vya pwani vyenye sumu ya namna hiyo. Mbwa waliovila waliugua, na wengine wakafa. Mwaka 2009, huko Auckland, New Zealand, mbwa walikufa kwa kula konokono wa baharini wasio na gamba, wenye sumu ile ile aliyo nayo bunju, samaki ambaye wavuvi wa pwani ya Kenya wamjua vema.

Dalili huanza upesi: mate humtoka mbwa, miguu hulegea, hutetemeka, kisha pumzi humwia ngumu. Dawa ya kuivunja sumu hiyo haipo. Daktari humsaidia mbwa kupumua mpaka mwili wake uitoe. Kwa hiyo asicheleweshwe nyumbani kwa kunyweshwa maziwa au mafuta, bali achukuliwe mara moja, pamoja na kipande cha kile alichokula, kikiwa kimefungwa katika karatasi.